Maunti haizalishi mtetemo: namna ya kumsaka mhusika injini ikitetemeka

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, ukisema gari lako linatetemeka, jibu linatoka kabla boneti haijafunguliwa: "Maunti zimekufa hizo, bosi." Unakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, unanunua maunti za mtumba au mpya za bei nafuu, zinafungwa mchana huohuo, na kweli gari linatulia kidogo. Wiki chache baadaye usukani unacheza tena kwenye foleni ya Tazara, taa ya injini imewaka, na fedha ya maunti imeshakwenda. Mwenye gari anaamini ameuziwa spea mbovu, fundi naye anakubaliana naye, na muuza spea anabebeshwa lawama isiyo yake.

Maunti ni kipande cha mpira, wakati mwingine chenye kimiminika ndani, kilichokaa kati ya injini na bodi. Haina uwezo wa kuzalisha mtetemo wowote. Kazi yake ni kuumeza mtetemo uliozaliwa kwingine ili usifike kwenye kiti chako. Ikichoka, unausikia mtetemo ambao ulikuwapo tangu gari lilipotoka kiwandani. Ikiwa nzima na bado gari linatikisika, kuna kitu kimeanza kutoa mtetemo mkubwa kuliko ule ambao maunti ilikadiriwa kuumeza, na kubadilisha maunti hapo ni kumfungia mtu mdomo badala ya kumuuliza anaumwa wapi. Kwa hiyo mtu anaanza kwa kuuliza mtetemo unazaliwa wapi, na unatokea lini. Hilo la lini ndilo linalookoa fedha nyingi, na mara nyingi mteja hapewi nafasi ya kulieleza.

Injini nzima nayo inatetemeka

Nachukua injini iliyojaa barabarani kwetu, 1NZ-FE ya Toyota: silinda 4, ujazo wa cc 1,497, ile iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Spacio nyingi. Ikiwa sailensi, yaani inanguruma yenyewe bila mguu kwenye pedali ya mafuta, tuseme inazunguka mara 750 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 12.5 kila sekunde. Kila silinda hulipuka mara moja katika kila mizunguko 2 ya kranki, ile shafti kuu ya injini, na kwa kuwa silinda ziko 4, kila mzunguko mmoja unapata milipuko 2. Kwa hiyo kila sekunde injini hiyo inapigwa mara 25. Kila mlipuko unaisukuma kranki upande mmoja, na bloku ya injini inajibu kwa kujipinda upande wa pili. Mapigo hayo yakiwa sawa kwa nguvu na yakipokezana kwa zamu yake, silinda ya 1, ya 3, ya 4, kisha ya 2, wewe uliyekaa ndani unayasikia kama mngurumo laini tu, maana maunti zimetengenezwa kwa ajili ya kasi hiyo.

Sasa iue silinda moja. Mapigo yanakuwa matatu, pengo, matatu, pengo. Pengo hilo linajirudia mara moja kila mizunguko 2, yaani mara 6 hivi kwa sekunde. Mtetemo wa kasi ndogo namna hiyo unakuwa mzito na wa kuchechemea. Unatikisa kioo cha ndani, unachezesha usukani, na hakuna maunti itakayoumeza, hata ungeinunua ikiwa kwenye boksi lake la kiwandani. Nenda nyuma ya gari, weka kiganja mbele ya bomba la moshi bila kuligusa. Injini nzima inatoa pumzi zinazofuatana bila kukatika. Yenye silinda iliyokufa utaihisi ikiruka pumzi moja kwa mpangilio, na mpangilio huo wenyewe ni ushahidi, kwa sababu tatizo linaloikumba injini yote, kama mafuta mabaya au hewa ya wizi inayopenya bila kupimwa, huruka ovyo bila zamu.

Wanaohama kutoka IST kwenda Passo au Vitz ndogo wajue jambo moja kabla ya kuingia gharama. Injini ya 1KR-FE ina silinda 3 na cc 996. Kwa mizunguko ileile 750 inapata mapigo chini ya 19 kwa sekunde, na ingawa nguvu za pistoni zake zinafutana kwa jumla, hazikai kwenye mstari mmoja, kwa hiyo injini inayumba kutoka ncha moja hadi nyingine. Kiasi fulani cha mtetemo ni tabia yake ya kuzaliwa. Kulinganisha Passo yako na IST ya jirani hakukusaidii. Ilinganishe na Passo nyingine, au na ilivyokuwa yenyewe mwaka jana.

Hata injini ya silinda 4 haijakamilika. Pistoni 2 zikipanda, 2 zinashuka, lakini pistoni hubadili mwendo kwa ukali zaidi ikiwa juu kuliko ikiwa chini, na tofauti hiyo huacha nguvu ndogo inayotikisa injini mara 2 kwa kila mzunguko wa kranki. Kwenye injini ndogo inavumilika. Kwenye kubwa inakera, na ndiyo maana Mwingereza Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, alibuni shafti mbili zinazozunguka kinyume cha kila moja kwa kasi mara 2 ya kranki ili kuifuta. Mitsubishi waliifufua kazi hiyo mwaka 1975 na ikasambaa. Nayataja haya kwa sababu moja ya vitendo: ukinunua Mitsubishi yenye injini ya 4G63 na ikaanza kuvuma tangu siku iliyobadilishwa mikanda ya taiming, usimwache fundi akuambie ni maunti. Shafti ya nyuma ya kusawazisha inaweza kukaa nusu mzunguko nje ya nafasi yake huku alama zote za mbele zikionekana sawa. Kuna tundu dogo ubavuni mwa bloku la kuhakikishia. Bisibisi nyembamba ikizama humo, shafti iko mahali pake. Ikigonga karibu tu, zungusha puli ya pampu ya oili mzunguko mmoja na urudie.

Mtetemo unamfuata nani?

Kila kinachozunguka kwenye gari kina kasi yake, na mtetemo haumuachi bwana wake. Ukijua unafuata mzunguko wa injini, mwendo wa gari, au mzigo uliowekwa juu ya injini, umeshapunguza orodha ya watuhumiwa kwa zaidi ya nusu kabla spana haijatoka kwenye boksi.

Anza gari likiwa limesimama, gia kwenye P, hendibreki juu. Panda taratibu kutoka sailensi hadi mizunguko 3,000. Kama mtetemo uleule unaoulalamikia barabarani unajitokeza hapo, tatizo liko kwenye injini au kitu kilichofungwa juu yake. Kama injini inapanda vizuri kabisa lakini ukifika 90 barabarani gari linatikisika, toka nje ya mji, kwenye kipande cha barabara iliyonyooka na isiyo na watu, ufike kwenye mwendo huo, weka gia kwenye N na liache gari litiririke. Usizime injini, maana usukani utakuwa mgumu na breki itapoteza msaada wake. Injini imeshuka hadi sailensi, gari bado liko 90. Mtetemo ukibaki palepale, ondoa injini kwenye kesi: ni tairi, rimu, beringi, au bodi ya tairi iliyoachana kwa ndani. Usukani ukicheza, tazama magurudumu ya mbele. Ukikalia mtetemo kwenye kiti, tazama ya nyuma.

Upo wa tatu, ambao huonekana wakati wa kuvuta tu. Unakanyaga mafuta kupanda mlima, gari linatikisika mwili mzima. Unaachia, linatulia, ingawa mwendo haujabadilika. Huyo hufuata mzigo. Kwa gari la kuvuta kwa mbele, jointi ya ndani ya shafti ya gurudumu iliyolika hufanya hivyo hasa. Lakini silinda inayoanza kuchoka hufanya hivyo pia, kwa sababu cheche dhaifu inaweza kuwasha mchanganyiko mwepesi wa sailensi na ikashindwa pale hewa na mafuta vinaposhindiliwa kwa wingi. Hapo ndipo namba zinasaidia.

Simu nyingi zina kihisi cha mtikisiko, na zipo programu za bure zinazochora grafu na kukuonyesha mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Ilaze simu juu ya dashibodi, abiria aisome, wewe endesha. Tairi la 175/65 R14 lina mzunguko wa mita 1.83 hivi, kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 15 kwa sekunde. Wakati huo injini ikiwa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, kranki inazunguka mara 40 kwa sekunde, na milipuko ya silinda 4 ni 80. Grafu ikisimama kwenye 15, mhusika ni gurudumu au shafti yake. Ikisimama kwenye 40, tazama puli ya kranki na vinavyozunguka nayo. Ikisimama kwenye 20, yaani nusu ya kranki, kuna silinda moja isiyofanya kazi yake, kwa sababu kila silinda hulipuka mara moja kwa mizunguko 2. Naipenda njia hii kuliko zote, kwa kuwa haina gharama na haibishaniwi.

Usisahau kuangalia na saa. Gari linalotikisika asubuhi tu kwa dakika moja au mbili, kisha likatulia likishapata moto, huku moshi mweupe ukitoka na maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia, linavuta maji kwenye silinda usiku kupitia gasketi ya silinda hedi. Linalokaa vizuri asubuhi na kuanza kuchechemea baada ya saa nzima ya foleni, shuku koili, inayotengeneza umeme wa plagi, maana waya zake za ndani huachia zikipata joto. Wateja wengi hawasemi hili kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Silinda inayomisi

Mitetemo mingi ya injini za petroli inayoletwa gereji inaishia hapa. Mashine ya kupimia ikichomekwa, namba za makosa zinakuwa za familia moja: P0300 ni kumisi, yaani silinda kuruka mlipuko, kwa ovyo, P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. Watu wengi wanalipia kipimo, wanaona P0303, wanaambiwa "koili ya tatu", wananunua koili. Namba hiyo haijataja koili. Imesema tu kwamba silinda ya 3 haikuisukuma kranki kama wenzake. Sababu inaweza kuwa cheche, mafuta, hewa, au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na kompyuta haina macho ya kuzitofautisha.

Nilisimama pembeni ya fundi mmoja Magomeni akiishughulikia injini ya 1NZ yenye maunti mpya kabisa, mpira bado unang'aa. Ilikuwa inachechemea kiasi kwamba kifuniko cha juu kilikuwa kinagongana na bati. Akaiacha sailensi, akachomoa soketi ya nozeli, inayonyunyiza petroli, ya silinda ya 1: injini ikashuka na kutikisika zaidi, akairudisha. Ya 2, vilevile. Ya 3, hakuna kilichobadilika hata kidogo. Huwezi kumuua aliyekwisha kufa. Alichagua soketi za nozeli badala ya zile za koili kwa makusudi, na hilo nataka mafundi vijana waliige: ukikata cheche peke yake, petroli inaendelea kumwagika na kwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosti, yale yanayosafisha moshi.

Kisha akazima, akahamisha koili ya 3 kwenda silinda ya 1 na ya 1 kwenda 3. Akawasha. Kama ugonjwa ungehama, koili ingekuwa na hatia, na kipimo hicho hakihitaji kununua chochote. Haukuhama. Akaingiza spana ndefu ya plagi kwenye tundu la 3, na plagi ilipotoka ilikuwa inachuruzika oili hadi shingoni. Akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga. Juu ya ile sehemu nyeupe ya kauri palikuwa na mstari mweusi mwembamba, wima, kutoka kichwani hadi kwenye chuma. Umeme ulikuwa umejichorea njia ya mkato. Badala ya kushuka hadi kwenye ncha na kuruka ndani ya silinda, ulikuwa unateremkia nje ya plagi. Raba ya chini ya koili nayo ilikuwa na mstari uleule kwa ndani. Chanzo kilikuwa mihuri ya mpira ya tapeti kava iliyokauka na kuruhusu oili ishuke kwenye matundu ya plagi. Gasketi ya tapeti kava na mihuri yake, plagi 4, raba moja ya koili. Ungebadilisha plagi peke yake, oili ingeshuka tena na mstari ungejichora upya.

Plagi iliyotoka inastahili kutazamwa kabla ya kutupwa. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ya masizi ni mafuta mengi au cheche dhaifu. Nyeusi yenye unyevu wa oili kwenye ncha yenyewe, tofauti na ile ya shingoni, ni ringi za pistoni au mihuri ya valvu. Iliyosafishika kupita kiasi, peke yake kati ya nne, inaashiria mvuke wa maji. Plagi za iridiamu hudumu kilomita 100,000 hivi zikiwa halisi. Zinazouzwa kwa bei ya plagi za kawaida huku zimeandikwa iridiamu, zikague ncha. Iridiamu ya kweli ina sindano nyembamba sana katikati.

Kama cheche ni nzima, geukia nozeli. Nozeli ya 3 inaweza kuhamishwa na ya silinda nyingine kama ulivyofanya kwa koili, ingawa kazi ni kubwa zaidi na mipira ya kuzuia uvujaji ibadilishwe. Na kama matatizo yameanza siku hiyohiyo uliyojaza tangi, namba ni P0300, na silinda zote zinamisi kwa zamu isiyoeleweka, yatazame mafuta kwanza. Nchini Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018, yote kwa sababu ya uchakachuaji. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupasuka kabla ya wakati chini ya mzigo, na injini hugonga na kutikisika kwenye mlima. Maji kwenye tangi huleta kumisi kwa kuja na kuondoka. Chukua mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie usiku kucha. Maji hukaa chini na mpaka wake unaonekana wazi.

Taa ya injini ikiwaka na kubaki, unaweza kulipeleka gari gereji kwa upole. Ikimulika na kuzima, kumulika na kuzima, kompyuta inasema kumisi kumefikia kiwango cha kuunguza masega. Simama. Petroli isiyoungua inawakia ndani ya ekzosti, masega yanayeyuka na kuziba, na baada ya hapo injini inakosa pumzi hata ukishatengeneza plagi.

Hewa ya wizi hujitambulisha kwa namna yake. Hozi ya vakyumu iliyopasuka au gasketi ya manifodi iliyokauka huingiza hewa ambayo sensa haikuihesabu. Ikiwa sailensi, hewa hiyo kidogo ni sehemu kubwa ya pumzi ya injini, kwa hiyo inatikisika na sailensi inapanda na kushuka. Ukiongeza mizunguko, haina uzito tena, na injini inatulia. Ukiona mtetemo unaopona ukikanyaga mafuta, zikague hozi moja moja, hasa kwenye miisho yake zinapokaa juu ya bomba. Mafundi wengi hupuliza kisafishio juu ya injini inayowaka na kusikiliza mabadiliko. Kinashika moto upesi sana, na kwenye injini ya moto siishauri. Mashine ya moshi, gereji zilizo nayo, huonyesha tundu lilipo bila hatari.

Throto, mlango wa hewa ya injini, ikijaa masizi ni nyepesi kuitambua. Sailensi inashuka hadi 550 ukiweka D, gari linatetemeka, ukiwasha AC linataka kuzima. Isafishe, kisha uipe injini muda wa kujifunza upya: iwashe ikiwa baridi, AC na taa zote zimezimwa, iachie ifike moto kamili bila kugusa pedali. Wengi wanaruka hatua hii, wanaona sailensi imekaa ovyo, wanadhani throto imeharibiwa.

Kompresheni inakuja mwisho kwa kuwa ndiyo yenye habari mbaya. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, mwaga kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, valvu haifungi, au gasketi ya hedi imeachia. Hapo ndipo neno ovahoo lina haki ya kutajwa, na si kabla.

Vinavyozunguka, na maunti zenyewe

Kampresa ya AC, jenereta ya kuchaji na pampu ya maji vyote vinazungushwa na mkanda unaovutwa na puli ya kranki. Ukishuku kimoja kati yake, vua mkanda na uwashe injini kwa sekunde zisizozidi 30, kwani pampu ya maji nayo imesimama. Mtetemo ukipotea, zungusha kila puli kwa mkono baada ya kuzima na usikilize. Puli ya kranki ina mpira kati ya chuma cha ndani na cha nje. Mpira ukiachia, chuma cha nje huyumba, na unaweza kuiona kwa macho ukisimama pembeni. Feni ya rejeta iliyovunjika ubawa hutikisa gari kila inapowaka na kutulia inapozima, jambo linalowachanganya watu kwa sababu halina uhusiano na mwendo wala gia.

Maunti hupimwa kwa D na N. Ukiwa umekanyaga breki, gari likitikisika kwenye D na kutulia kwenye N, huku sailensi ikiwa ya kawaida kwenye gia zote mbili, sasa shuku maunti kwa haki. Fungua boneti, mtu mmoja akae ndani mguu ukiwa umeshika breki barabara, abadili D na R huku wewe ukitazama kwa pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini kuegemea kidogo ni sawa. Kuruka na kugonga si sawa. Kwenye ile yenye kimiminika, doa jeusi la mafuta lililoshuka chini yake linakuambia imepasuka hata kama mpira unaonekana mzima.

Na maunti mpya inaweza kuleta mtetemo. Zile za bei ndogo mara nyingi zina mpira mgumu kuliko wa kiwandani, na mahali palipokuwa na kimiminika wameweka mpira mtupu; zinashika injini vizuri lakini zinapitisha kila kitu hadi kwenye bodi. Nyingine ni nzima ila zimefungwa injini ikiwa imeinuliwa kwa jeki na kupinda, mpira ukabaki umevutwa upande. Legeza boliti zake, iache injini ikae kwa uzito wake, iwashe sailensi ijitafutie nafasi, izime, kisha kaza. Kazi ya nusu saa, na mara nyingi inatosha.

Neno kwa wenye dizeli

Mafundi wa HiAce za 3L na Land Cruiser za 1HZ walijifunza kutafuta silinda mbovu kwa kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwaka, moja baada ya nyingine, na kusikiliza. Kwenye pampu za zamani njia hiyo ni sahihi. Kwenye dizeli za reli ya pamoja, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa, kama Hilux na Prado za D-4D, ni hatari ya kufa. Shinikizo ndani ya bomba lile hupita baa 1,000 kwa mbali, na dizeli inayotoka kwenye upenyo mdogo kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini bila mtu kuhisi maumivu makubwa mwanzoni. Mkono unaweza kukatwa. Injini hizo zinapimwa kwa mashine. Kompyuta yake hurekebisha kiasi cha mafuta cha kila silinda ikiwa sailensi ili zote zisukume sawa, na masahihisho hayo yanasomeka kwenye skrini. Silinda inayoongezewa mafuta mengi kuliko wenzake ndiyo ya kuanzia, na kompresheni yake ipimwe kabla nozeli haijapelekwa kwa fundi wa pampu.